Kabla Hatujasema Imekufa



Ndugu wasomaji, katika parokia nyingi za vijijini sauti ya Kanisa husafiri kwa pikapu. Juu ya kabini hufungwa spika za tarumbeta, chini ya kiti huwekwa amplifaya ya gari inayotumia umeme wa betri, na mbele kwa dereva kuna maiki. Gari hilo ndilo huongoza maandamano ya Ekaristi. Ndilo hupita njiani kutangaza msiba, semina ya ndoa au siku ya chanjo ya watoto. Ndilo husimama kwenye kigango ambako nguzo za umeme hazijafika, ili bibi aliyekaa chini ya mwembe wa mwisho naye asikie Neno. Mtume Paulo alipowaandikia Warumi aliiweka imani karibu sana na sikio. Kwa hiyo amplifaya ya parokia inaponyamaza, kilichoharibika si chombo cha starehe.

Jambo hilo lilitokea katika parokia tunakofanya utume wa mwisho wa wiki, sisi mafrateri wanne wa falsafa. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kufika Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, sherehe ambayo Papa Urbano wa IV aliiweka kwa Kanisa lote mwaka 1264, na ambayo katika parokia ile huwakusanya waamini wa vigango vyote kwa maandamano ya karibu kilomita tatu. Bila sauti, walio mbele huimba wimbo mmoja na walio nyuma wimbo mwingine.

Tulipofika tulikuta hukumu mbili zimeshatolewa. Ya kwanza ilihusu amplifaya. Fundi mmoja wa mjini alikuwa ameiangalia kwa dakika chache akasema imekufa, inunuliwe nyingine. Halmashauri ya walei ilikuwa imeanza kupanga mchango wa shilingi 2,000 kwa kila kaya ili ipatikane laki tatu na nusu. Shilingi 2,000 si nyingi kwa mwenye mshahara. Kwa mjane ambaye mahindi yake bado yako shambani, ni sabuni na mafuta ya taa.

Hukumu ya pili ilihusu mtu, nayo haikuandikwa kwenye muhtasari wa kikao chochote. Dereva wa parokia, mzee aliyelitumikia gari lile kwa miaka mingi, alikuwa amekwenda nalo Jumamosi kupeleka jeneza kwenye mazishi kijiji cha mbali. Alirudi jioni. Kesho yake sauti haikutoka. Basi ukaanza mnong'ono kwamba alipitia harusini, akakodisha spika za parokia kwa muziki wa usiku, akaunguza amplifaya na pesa akatia mfukoni. Aliyeuliza ushahidi uko wapi alijibiwa kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Paroko alituomba tuiangalie amplifaya kabla mchango haujaanza kukusanywa. Mmoja wetu alisoma ufundi umeme chuo cha VETA kabla ya kuingia seminari, na mita yake bado anayo. Tunaandika hatua tulizozifuata kwa sababu mbili: zinaweza kuifaa parokia nyingine yenye gari la namna hiyo, na zilitufundisha jambo kuhusu kuhukumu ambalo darasani tulikuwa tumelisoma kwenye karatasi tu.

Chombo hutoa kilichopewa

Tuanze na amplifaya yenyewe. Betri ya gari hutoa volti 12 na kidogo, na volti hizo peke yake haziwezi kuisukuma spika kubwa kwa nguvu. Kwa hiyo ndani ya amplifaya kuna kazi mbili. Sehemu moja huchukua umeme wa betri na kuupandisha. Sehemu nyingine hupokea sauti ndogo inayotoka kwenye maiki kupitia miksa, kisha huitumia kuuongoza umeme ule mkubwa hadi kwenye spika. Amplifaya haiumbi nguvu yoyote. Wanafalsafa wa shule ya zamani walisema kwamba hakuna awezaye kutoa asicho nacho. Ukitaka kujua kwa nini amplifaya haitoi, uliza kwanza kama imepewa.

Inapewa kwa nyaya tatu. Waya mnene mwekundu hutoka kwenye betri, hupitia fyuzi, na kuingia penye alama ya B+. Waya mwingine mnene, wa ethi, hutoka penye alama ya GND na kufungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari, kwa kuwa bodi nzima ya chuma ndiyo njia ya umeme kurudi upande hasi wa betri. Waya wa tatu ni mwembamba, una alama ya REM, nao huleta volti 12 kutoka kwenye swichi ya dereva kuiambia amplifaya iamke. Watu wengi huukagua waya mwekundu na kuusahau wa ethi, kana kwamba umeme huenda tu na haurudi.

Amplifaya ile ilikuwa inafanya hivi. Ukiwasha swichi, taa ya kijani inawaka. Ukinong'ona kwenye maiki, sauti inatoka. Ukisema kwa nguvu kama mtu anayetangaza, sauti inakatika, taa ya kijani inazimika na nyekundu inawaka. Ukizima na kuwasha tena, inarudi vilevile.

Taa nyekundu ndiyo iliyolizaa neno "imekufa". Lakini pembeni ya taa hiyo pameandikwa neno linalomaanisha ulinzi. Amplifaya huiwasha inapojifunga yenyewe ili isiungue. Hujifunga volti zinazoingia zikishuka mno, au nyaya za spika zikigusana zenyewe kwa zenyewe au zikigusa bodi, au spika nyingi mno zikifungwa sehemu moja, au joto likizidi, au kitu cha ndani kikiwa kimeharibika kweli. Hizo ni sababu tano, na nne kati yake ziko nje ya uwezo wa amplifaya. Chombo kinachojilinda bado kina uhai.

Aristotle anatofautisha kujua kwamba jambo liko hivyo na kujua kwa nini liko hivyo. Fundi wa mjini alijua la kwanza: haitoi sauti. Akaliuza kama la pili.

Kutoka nje kuingia ndani

Kanuni tuliyoifuata ni nyepesi: anza na kinachofikika bila kufungua kitu, na kila kipimo kiondoe mshukiwa mmoja.

Fyuzi zilikuwa za kwanza. Kulikuwa na moja kubwa ya ampea 60 karibu na betri, na mbili za ampea 30 kwenye amplifaya yenyewe. Tulizitoa na kuzipima. Zote zilikuwa nzima. Hapa tutoe onyo. Fyuzi ya karibu na betri haipo kwa ajili ya amplifaya, ipo kwa ajili ya waya. Waya mwekundu ukichubuka na kugusa bodi, fyuzi ndiyo inayokatika kabla waya haujawa moto na gari kuungua. Ndiyo sababu inatakiwa ikae karibu na betri, isizidi kama sentimita 45. Anayeweka karatasi ya sigara au kipande cha waya mahali pa fyuzi amemwondoa mlinzi na kuuacha mlango wazi.

Betri ilifuata. Gari likiwa limezimwa, mita ilisoma volti 12.6, ambazo ndizo za betri iliyojaa. Injini ikiunguruma ilisoma 14.1, maana yake altaneta inachaji vizuri. Betri ikatoka kwenye orodha ya washukiwa. Waya wa REM nao ulisoma volti 12 swichi ikiwashwa.

Inafaa kusema neno juu ya mita yenyewe, kwa sababu vijana wengine hudhani maabara na kanisa ni nyumba mbili zisizosalimiana. Alama ya volti inatoka kwenye jina la Alessandro Volta wa Como, aliyetengeneza betri yake ya kwanza na kuitangaza mwaka 1800. Ampea inatoka kwa André-Marie Ampère wa Lyon. Wote wawili walikuwa Wakatoliki wenye imani. Omu inatoka kwa Georg Ohm, mwalimu wa shule huko Cologne, ambaye mwaka 1827 alichapisha kitabu chenye kanuni inayounganisha volti, mkondo na ukinzani. Tutaihitaji kanuni hiyo baada ya muda mfupi.

Kisha tukazitoa nyaya zote za spika kwenye amplifaya na kuiwasha bila spika. Taa ya kijani iliwaka na kubaki. Tulisema kwenye maiki kwa nguvu, ikabaki palepale. Vijana waliokuwa wamelizunguka gari walishangilia: "Spika! Ni spika!"

Hapa ndipo somo la Mantiki lilipolipa karo yake. Hoja yao ilikuwa hii: kama spika zina shoti, amplifaya itatulia zikiondolewa, imetulia, kwa hiyo spika zina shoti. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba hoja ya umbo hilo haisimami. Mvua ikinyesha uwanja hulowa, lakini uwanja ukilowa si lazima mvua iwe imenyesha, huenda mtu kamwaga ndoo. Amplifaya isiyo na spika haivuti umeme mwingi. Kama kasoro iko kwenye njia ya umeme, nayo pia hujificha mzigo ukiondolewa. Kipimo kilekile kilikuwa kinapatana na hadithi mbili tofauti, kwa hiyo hakikuthibitisha hata moja.

Tukazipima spika moja moja. Tarumbeta ya omu 8 kwa mita ya kawaida husoma chini kidogo ya hapo, na zetu zote nne zilisoma kati ya 6 na 7. Ingekuwa na shoti ingesoma karibu na sifuri, ingekuwa imekatika ndani mita isingeonyesha namba. Tulipima pia kila waya wa spika dhidi ya bodi ya gari, tukakuta haugusi. Mwisho tukaazima spika moja nzima kutoka kwenye kwaya, tukaifunga peke yake, tukatangaza kwa nguvu. Sauti ilikatika vilevile. Spika zikaachiwa huru, si kwa kuhurumiwa bali kwa ushahidi.

Volti tatu zilizopotea njiani

Kilichobaki ni kuipima njia ya umeme wakati chombo kinafanya kazi. Neno muhimu ni wakati kinafanya kazi. Mmoja wetu alishika maiki na kuimba "Aleluya" ndefu isiyo na pumzi, kuku wa jirani wakakimbia, na wawili wakashika mita. Penye B+ na GND za amplifaya, volti zilizokuwa 12 na zaidi zilishuka hadi 9 kabla taa nyekundu haijawaka. Wakati uleule kwenye betri zilikuwa 12.3. Betri ilikuwa inatoa, amplifaya ilikuwa haipokei. Njiani kulikuwa na mwizi wa volti 3.3.

Tukaurefusha waya wa mita ili ufike kutoka betri hadi chini ya kiti, tukapima kila upande peke yake. Kati ya upande chanya wa betri na B+, zilipotea volti 0.2. Hizo ni za kawaida. Kati ya GND na upande hasi wa betri, zilipotea 3.1. Jumla 3.3. Hesabu ilifunga.

Je, fundi wa mjini hakuupima waya wa ethi? Tunaambiwa aliupima, na mita yake ikalia, maana yake waya haujakatika. Alichosikia kilikuwa kweli. Lakini itazame kanuni ya Ohm: volti zilizopotea ukizigawa kwa mkondo unapata ukinzani. Tuseme amplifaya ilikuwa inavuta ampea 15. Volti 3.1 kugawa kwa 15 ni kama omu 0.2 tu. Nyaya za mita ya kawaida zenyewe zina ukinzani unaokaribia huo, kwa hiyo mita haiwezi kuutofautisha na hali ya kawaida, itasoma karibu sifuri na kulia. Ukinzani mdogo namna hiyo hauonekani chombo kikiwa kimelala. Huonekana mzigo unapokuja. Anayeupima waya usio na mzigo amepima waya, hajapima kazi ya waya.

Tukainua kapeti. Waya wa ethi ulikuwa umefungwa kwa bolti juu ya chuma chenye rangi, na chini ya washa kulikuwa na kutu ya tabaka juu ya tabaka, nyekundu na nyeusi, na shaba ya waya imeota ukijani. Maji ya viatu vya masika nyingi yalikuwa yamepita pale. Tulisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakata ncha ya waya iliyooza na kubana kichwa kipya, tukaweka washa yenye meno na bolti mpya, tukakaza, kisha tukapaka grisi juu yake kuzuia maji. Tukapima tena kwa "Aleluya" ileile. Upande wa ethi ulipoteza volti 0.1. Amplifaya ikapokea 12. Taa ikabaki ya kijani, na sauti ikafika ng'ambo ya mto.

Bolti, washa, kichwa cha waya na msasa viligharimu shilingi 3,500.

Tuseme pia ni lini mtu ana haki ya kusema amplifaya imeharibika ndani. Ondoa spika zote, chomoa nyaya za sauti zinazotoka kwenye miksa, hakikisha umeme kwenye B+, GND na REM uko sawa. Ikiwa bado taa nyekundu inawaka, au fyuzi mpya inakatika mara tu inapowekwa, au kuna harufu ya kuungua, basi kasoro imo ndani, mara nyingi transista zenye shoti. Hata hapo usiongeze ukubwa wa fyuzi, mpelekee fundi redio anayejua kuzibadilisha. Mara nyingi bado ni nafuu kuliko mpya.

Mita haipimi nia

Tulipomaliza, kijana mmoja alisema kwa furaha, "Basi mzee ameshinda kesi!" Tulifurahi pamoja naye, lakini alipomaliza kusema tulitazamana. Kutu ile ilikuwa kazi ya miezi mingi, si ya Jumamosi moja. Ilionyesha kwamba amplifaya haikuunguzwa harusini. Lakini je, ilionyesha mzee alikuwa wapi Jumamosi ile? Hapana. Na tujiulize kinyume chake: kama tungekuta transista imeungua, je, hilo lingethibitisha wizi wake? Hapana pia. Transista iliyoungua husema palikuwa na joto. Haisemi nani alishika swichi, wala kwa nia gani. Watu walikuwa tayari kuipokea mita kama shahidi wa moyo wa mtu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino analigusa jambo hili katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya Sehemu ya Pili, swali la 60, anapouliza kama mashaka yachukuliwe kwa upande ulio mwema. Anatofautisha kuhukumu vitu na kuhukumu watu. Kitu hakidhuriki kwa hukumu yetu juu yake. Ukiisema amplifaya vibaya haitalia. Kwa hiyo kwa vitu, bidii yetu iwe kukihukumu kila kimoja kama kilivyo. Mtu si hivyo. Mtu anayehukumiwa vibaya anapokonywa heshima yake, na kwa hiyo pasipo dalili zilizo wazi za uovu tunapaswa kumdhania mema. Na kwa anayedhani kwamba hivyo tutadanganyika mara nyingi, Tomaso anajibu kwamba ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477 na 2478, inafuata njia hiyo inapozungumzia hukumu ya haraka na kumchafulia mtu jina.

Kwenye parokia ile kanuni hizo mbili zilikuwa zimebadilishana viti. Amplifaya ilihukumiwa bila kupimwa, na mtu alihukumiwa kana kwamba amepimwa. Walioshindwa kukipima kitu walipata nguvu ya kumpima mtu.

Kwa mtu kuna njia yake, nayo ni ya zamani kuliko mita: kumwuliza. Katika wiki nzima ile ya minong'ono hapakuwa na aliyemwuliza. Tulimkuta amekaa kwenye kiunzi cha trela nyuma ya nyumba ya mapadre.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mafrateri. Imepona?"

"Imepona. Ni bolti ya ethi chini ya kiti, ilikuwa na kutu."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mimi nilisema tangu Kwaresima. Nilisema mvua ikinyesha sauti inakatika, nikiongeza ndiyo kabisa. Nikaambiwa nisubiri." Akaeleza pia Jumamosi yake bila sisi kuidai: kule msibani kaburi lilikuwa halijamalizwa kuchimbwa kwa sababu ya mvua, akashika jembe na wengine, na aliondoka baada ya udongo wa mwisho. Familia ya marehemu, alipoulizwa mmoja wao na katekista, ilisema maneno yaleyale. Lori lolote la habari juu ya harusi lingeweza kusimamishwa na swali hilo moja.

Tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Mtu aliyeendesha spika za parokia miaka yote ndiye hakuwa na wa kumsikia. Maelezo yake ya Kwaresima yalikuwa na nusu ya jibu tulilolitafuta kwa mita: mvua, na mzigo. Kama yangeandikwa mahali, kazi yetu ingekuwa ya dakika kumi.

Uvumi hauna fyuzi

Jumapili iliyofuata paroko alitangaza kwa amplifaya ileile kwamba mchango umefutwa, akataja kasoro ilikuwa nini, na akamshukuru dereva kwa jina mbele ya waamini wote kwa kuwa wa kwanza kuitambua. Baada ya misa baadhi walimfuata kumpa mkono. Wengine walipita pembeni. Wako waliosikika wakisema, "Safari hii kabahatika." Maandamano ya Ekaristi yalifanyika, na walio nyuma waliimba wimbo uleule wa walio mbele. Lakini hatuwezi kuandika kwamba yote yalirudi kama zamani. Mzee bado anaendesha, ila siku hizi akisafiri na gari huomba aandikiwe saa ya kuondoka na saa ya kurudi, na huomba mtu wa kuongozana naye. Bolti iliyooza tuliibadilisha kwa msasa. Jina la mtu lina ukinzani ambao hatuna chombo cha kuupima. Waya una fyuzi inayokatika mkondo ukizidi. Uvumi hauna, isipokuwa ulimi wa anayeamua kwamba kwake hautapita.

Kwa parokia zenye gari la matangazo tunashauri mambo machache. Kila masika yakiisha, inua kapeti ukague bolti ya ethi, isugue na kuipaka grisi. Weka fyuzi za akiba za ukubwa uleule ulioandikwa, si mkubwa zaidi. Pima volti kwenye amplifaya sauti ikiwa imefunguliwa, si ikiwa imelala. Usikubali neno "imekufa" kutoka kwa mtu asiyeweza kukuonyesha ni wapi ilipofia. Na wekeni daftari ndani ya gari, dereva aandike kila anachokisikia na tarehe yake, na mtu mmoja wa halmashauri awe na wajibu wa kulisoma kila mwezi.

Na ukimkuta dereva wa parokia amesimama pembeni ya gari lake, mwulize linasemaje. Huenda anajua tangu Kwaresima.